Matairi ya Baridi kwa Gari la Kila Siku: Namna ya Kuamua

Miji ya Ottawa na Gatineau, nchini Kanada, inatazamana kutoka kingo mbili za mto mmoja, na madaraja yanayoiunganisha huvukwa kila siku na watu wanaolala upande huu na kufanya kazi upande ule. Theluji inayoiangukia Gatineau ndiyo inayoiangukia Ottawa. Hata hivyo, mwenye gari lililosajiliwa katika jimbo la Quebec, ambamo Gatineau imo, anatakiwa kisheria awe na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, na akikutwa bila hayo hutozwa faini ya dola 200 hadi 300, ilhali jirani yake wa Ottawa, iliyo katika jimbo la Ontario, hana sheria inayomlazimisha. Mimi naishi upande wa Ontario, na kila mwaka Septemba inapokaribia kwisha huulizwa swali lile lile na ndugu waliohamia karibuni kutoka Bujumbura, Bukavu, Nairobi au Dar es Salaam: je, matairi ya baridi yana kazi kweli, au ni ujanja wa wenye gereji wa kututoa pesa?

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, mwenye gari dogo la kawaida la kwenda kazini, dukani, kanisani au msikitini na kuwapeleka watoto shule, ambaye hajawahi kuendesha kwenye theluji na ambaye dola 1,000 kwake si pesa ya kuchezea. Nitatumia Ottawa kama mfano kwa sababu ndiko ninakokujua, lakini namna ya kuamua ni ile ile kwa anayeishi Minneapolis, Malmö au Berlin. Kitakachobadilika ni namba utakazoziweka kwenye hesabu.

Baridi huja kabla ya theluji

Wengi wetu hudhani tairi la baridi ni tairi la theluji, kwa hiyo tunachungulia dirishani, tunaona lami iko wazi na kavu, na tunajiambia kwamba wakati wake bado. Kosa liko hapo. Tairi hushika barabara kwa sababu mpira wake ni laini kiasi cha kujibana ndani ya vijishimo vidogo mno vya lami, na mpira uliotengenezwa kwa ajili ya joto huanza kukakamaa hewa inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Baridi ikizidi, unakakamaa zaidi, mfano wa kandambili iliyosahauliwa barazani usiku wa Januari. Mpira wa tairi la baridi una mchanganyiko mwingine, wenye silika (madini ya jamii ya mchanga) kwa wingi, unaobaki laini hata hewa inapofika nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri.

Juu ya mpira kuna kashata, yaani vipande vilivyochongwa kwenye uso wa tairi unaogusa barabara. Kashata za tairi la baridi zina kina kirefu na mifereji mipana ya kusukuma theluji na tope lake, na kila kipande cha kashata kimechanjwa mikato mingi myembamba ambayo hufunguka tairi linapobonyea, kisha hung'ata ardhi. Theluji inayonasa ndani ya mifereji hiyo haina ubaya wowote, kwa kuwa theluji hushikana na theluji vizuri zaidi kuliko inavyoshikana na mpira, jambo ambalo kila mtoto anayefinyanga madonge ya kurushia wenzake analijua.

Namba ya nyuzi 7 isichukuliwe kama mpaka uliopigwa kwa rula, kwa sababu matairi hutofautiana, lakini inatosha kwa kupangia. Ottawa wastani wa joto wa Novemba uko nyuzi chache tu juu ya sifuri, wa Januari uko karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, na theluji inayoanguka kwa mwaka hupita sentimita 200. Hii ina maana kwamba kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Aprili safari nyingi za asubuhi hufanyika chini ya nyuzi 7, hata siku ambazo hakuna chembe ya theluji barabarani. Karibu nusu ya mwaka, basi, ndiyo unayoiamulia.

Majira yangu ya baridi ya kwanza niliendesha na matairi niliyoyakuta kwenye gari nililonunua. Asubuhi moja ya Novemba, nyuzi 3 chini ya sifuri, bila theluji, nilishuka daraja dogo kwa mwendo wa pole na kukanyaga breki mbele ya alama ya kusimama. Gari liliserereka taratibu, kama mtumbwi uliofunguliwa kamba, likaipita alama ile na kusimama katikati ya njia panda iliyokuwa tupu. Baadaye nilielezwa kwamba madaraja huganda kabla ya barabara nyingine kwa sababu upepo wa baridi huyapitia juu na chini, na kwamba barafu nyembamba inayoshika rangi ya lami haionekani kabisa kutoka kwenye usukani. Kuhusu matairi, fundi aliyapapasa kwa kidole na hakusema neno.

Saa unayotoka nyumbani

Kama baridi peke yake ingetosha kuamua, hata mkazi wa London angelazimika kununua, kwa sababu huko nako asubuhi nyingi za Januari ziko chini ya nyuzi 7. Kwa hiyo swali la pili ndilo lenye uzito zaidi, nalo ni swali kuhusu maisha yako: unapotoka nyumbani barabara huwa katika hali gani, na je, ikiwa mbaya sana unaweza kuliacha gari?

Wengi wa watu wetu katika miji hii hufanya kazi za zamu, katika nyumba za kutunzia wazee, hospitali, maghala, viwanda na usafi wa ofisi. Zamu inayoanza saa moja asubuhi humtoa mtu nyumbani saa kumi na moja na nusu. Magari ya kusukuma theluji hushughulikia kwanza barabara kuu, kisha zile zinazopitwa na mabasi, na mitaa ya makazi huachwa hadi mwisho. Kwa hiyo anayeondoka alfajiri baada ya theluji kuanguka usiku kucha hukutana na mtaa wake ukiwa mbaya kuliko utakavyokuwa wakati wowote mwingine wa siku hiyo. Jirani yake anayeanza kazi ofisini saa tatu huikuta barabara ile ile imeshasukumwa, imemwagiwa chumvi na kukanyagwa na magari mia. Wawili hawa wana gari la aina moja na wanaishi mtaa mmoja, lakini hawahitaji jibu moja.

Jiulize basi kwa uaminifu: dhoruba ikipiga usiku wa kuamkia Jumanne, je, ninaweza kupiga simu na kusema kwamba leo siji, bila kukatwa mshahara na bila mzee ninayemhudumia kukosa mtu wa kumwamsha? Je, lipo basi au treni inayofika karibu na kazini kwa saa ninayohitaji? Mwenye kujibu ndiyo kwa yote mawili, tena safari zake ni za kilomita nne au tano ndani ya mji, anaweza kukaa bila matairi ya baridi kamili na kuridhika na aina nitakayoieleza baadaye, ile ya mwaka mzima yenye alama ya theluji, kwa sharti moja: aliache gari kweli siku mbaya zinapofika, asije akalitoa kwa sababu tu limeegeshwa mlangoni. Mwenye kujibu hapana asipoteze muda kujadiliana na nafsi yake. Kwake matairi haya ni vifaa vya kazi kama vilivyo viatu visivyoteleza anavyovivaa wodini.

Yapo mambo mengine ya kuongeza kwenye mizani. Anayeishi nje ya mji, ambako barabara husukumwa mara chache na upepo huirudisha theluji, amwone mwenye zamu ya alfajiri kama mwenzake. Vivyo hivyo anayeteremka kilima kila asubuhi na anayepita barabara ya mwendo kasi kama ile namba 417 ya hapa Ottawa. Anayebeba watoto wa watu wengine kwa kupokezana zamu za shule ana deni kwa wazazi wenzake pia, si kwake tu.

Gari la kuvuta kwa magurudumu yote

Hoja ninayoisikia zaidi kutoka kwa wanaume wenzangu, sijui kwa nini ni wanaume, ni kwamba gari lao huvuta kwa magurudumu yote manne na kwa hiyo halihitaji matairi maalumu. Ni kweli kwamba gari la namna hiyo huondoka vizuri kwenye theluji, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu urahisi wa kuondoka humdanganya dereva kwamba barabara inashika. Kila gari, hata lile la bei nafuu linalovuta kwa magurudumu mawili tu, hufunga breki kwa magurudumu manne. Injini haisaidii kusimama wala kukata kona. Mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge hukuachia usukani unaotii, lakini hauwezi kutengeneza mshiko ambao mpira hauna.

Tufanye hesabu ndogo ya fizikia ya sekondari. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa juu ya theluji iliyoshindiliwa, na dereva anakanyaga breki. Tuseme kigezo cha msuguano, yaani namba inayoonyesha jinsi tairi linavyoshika barabara, ni 0.3 kwa gari lenye matairi mazuri na 0.2 kwa gari lenye matairi yaliyokakamaa. La kwanza litasimama baada ya mita 33 hivi, la pili baada ya mita 49. Tofauti ya mita 16 haionekani kubwa ikiandikwa kwenye karatasi, ila pale lilipokwisha kusimama gari la kwanza, la pili lingali linakwenda kilomita 29 kwa saa, na kwa mwendo huo mtoto anayevuka barabara hugongwa na kuumia vibaya. Kwenye lami kavu ya kiangazi, yenye msuguano wa 0.8, gari hilo hilo lingesimama kwa mita 12 tu.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili: tairi la baridi halifanyi miujiza. Juu ya barafu tupu msuguano unaweza kushuka hadi 0.1, na umbali wa kusimama ukakaribia mita 100 kwa mwendo ule ule. Siku mbaya zaidi ni zile zinazozunguka sifuri, kwa sababu barafu inayoyeyuka hubeba utando wa maji juu yake na huteleza kuliko barafu kavu ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Anayenunua matairi ya baridi ili aendelee kukimbia kama Julai amenunua kitu kisichokuwepo.

Kusoma alama ubavuni mwa tairi

Hapa ndipo watu wengi wanapouziwa wasichokitaka. Gari lililonunuliwa Ontario mara nyingi huja na matairi yanayoitwa ya misimu yote, yenye herufi M+S ubavuni, yaani tope na theluji. Herufi hizo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kuangalia umbo la kashata, bila tairi kupimwa kwenye theluji yoyote. Jina la misimu yote lilibuniwa kwa misimu ya mahali penye baridi ya wastani, wala si kwa Januari ya Ottawa.

Alama ya kutafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Amerika ya Kaskazini ilianza kuitumia mwaka 1999, na tairi huipata baada tu ya kupimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na kuonekana kwamba linavuta angalau asilimia 10 zaidi ya tairi la kulinganishia. Sheria ya Quebec iliyoanza kutumika mwaka 2008 ilikuwa na ulegevu mwanzoni kuhusu aina ya tairi, lakini tangu tarehe 15 Desemba 2014 inadai alama hiyo, au tairi lenye misumari midogo ya chuma ya kung'ata barafu. Kumbuka kwamba kipimo hicho hutazama jinsi tairi linavyovuta kwenye theluji. Hakisemi chochote juu ya kufunga breki kwenye barafu. Matairi mawili yenye alama moja yanaweza kutofautiana sana barafuni. Ulaya imejaribu kuziba pengo hilo, na tangu Mei 2021 lebo ya tairi jipya huweza kubeba alama ya pili inayohusu barafu.

Kati ya tairi la misimu yote na tairi la baridi kamili kuna kundi la tatu, nalo ni tairi la hali zote za hewa, ambalo lina alama ya mlima na theluji lakini limetengenezwa likae kwenye gari mwaka mzima. Majina haya mawili, la misimu yote na la hali zote za hewa, yanafanana kiasi cha kumchanganya hata muuzaji. Usisikilize jina, inama utazame mchoro. Tairi la hali zote za hewa ni mapatano: kwenye theluji ni bora kuliko la misimu yote, kwenye barafu na baridi kali halilifikii la baridi kamili, na kiangazi huisha mapema kidogo. Kwa mkazi wa Vancouver mjini au wa kusini mwa Uingereza ningesema achukue hilo na ayasahau mengine. Kwa Ottawa nalipendekeza tu kwa yule anayeweza kuliacha gari, au kwa mkazi wa ghorofa ambaye hana hata mita moja ya mraba ya kuhifadhia matairi mengine.

Matairi ya misumari ni habari nyingine. Juu ya barafu tupu hayana mpinzani, lakini hula lami na hupiga kelele, na Ontario huyaruhusu kwa wakazi wa kaskazini ya jimbo tu, ilhali Quebec huyaruhusu kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi tarehe 1 Mei. Jimbo la Minnesota, Marekani, limeyakataza kwa wakazi wake ingawa baridi yake inaishinda ya Ottawa. Kwa mtu wa mjini sioni haja yake.

Sheria za kwingine

Msomaji aliye Ujerumani hana tarehe za kukumbuka, kwa kuwa sheria ya huko inatazama hali ya barabara: kukiwa na theluji, tope lake au barafu, gari lisiwe barabarani bila matairi yenye alama ya mlima, na tangu Oktoba 2024 herufi za M+S peke yake hazikubaliwi tena. Faini huanzia euro 60 na huambatana na pointi kwenye rekodi ya dereva. Wenyeji wana msemo wa kuyafunga Oktoba na kuyafungua Pasaka. Sweden inachanganya vyote viwili, tarehe na hali: kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 31 Machi, barabara ikiwa na hali ya baridi, matairi ya baridi ni lazima na kashata zisipungue milimita 3. British Columbia, magharibi mwa Kanada, huweka mabango kwenye barabara za milimani, na anayepita hapo kuanzia tarehe 1 Oktoba anatakiwa awe na kashata zisizopungua milimita 3.5. Uingereza haina sheria ya namna hii, na Minnesota pia haimlazimishi mtu.

Hesabu ya mfukoni

Bei hubadilika kila mwaka na kila duka, kwa hiyo namba nitakazotumia ni za mfano, na wewe uziweke zako. Tuseme matairi manne ya gari dogo yanauzwa dola 800 na rimu nne za chuma dola 350, jumla dola 1,150. Yakitunzwa yatatumika majira matano ya baridi, yaani dola 230 kwa mwaka. Hapa watu husahau jambo moja: wakati matairi ya baridi yanapofanya kazi, yale ya kiangazi yamepumzika, na kilomita ambazo hayakuzitembea Januari utazitembea nayo miaka ijayo. Gharama halisi ni ndogo kuliko inavyoonekana siku ya kulipa.

Rimu za pili huonekana kama anasa, nami nilizikwepa miaka miwili kabla ya kukaa chini na kalamu. Bila rimu, fundi lazima alitoe tairi kwenye rimu, aweke jingine na kulifanyia balansi upya, mara mbili kila mwaka. Tuseme kila mara ni dola 100. Kukiwa na rimu, kazi ni kufungua nati na kufunga nyingine, tuseme dola 50, au bure kabisa kama una jeki, spana ya kukaza kwa kipimo na jirani mwenye subira. Unaokoa dola 100 kwa mwaka, na rimu za dola 350 zinajilipa kabla ya majira ya nne kwisha. Faida ya ziada ni kwamba chumvi ya barabarani itakula rimu za chuma za bei rahisi, na zile nzuri zilizokuja na gari zitabaki nzuri.

Kwa wakazi wa Ontario kuna kipengele cha bima. Tangu tarehe 1 Januari 2016 kampuni zote za bima ya magari katika jimbo hilo zinatakiwa kumpa punguzo anayefunga matairi ya baridi. Punguzo huwa asilimia chache tu, lakini bima ya mgeni asiye na historia ya udereva Kanada huwa kubwa mno, na asilimia chache za kitu kikubwa si haba. Piga simu mwenyewe na uwaambie umeshayafunga, kwa kuwa hawatakupigia wao, na uweke risiti.

Kama pesa haitoshi, kosa la kuepuka ni kununua matairi mawili. Gari dogo linalovuta kwa mbele likiwekewa matairi ya baridi mbele tu, mbele itashika na nyuma itateleza, na kwenye kona au ukikanyaga breki ghafla gari litajigeuza lenyewe. Afadhali manne yaliyotumika kuliko mawili mapya. Unaponunua yaliyotumika, pima kashata: ingawa sheria za kawaida huruhusu milimita 1.6, tairi la baridi likishuka chini ya milimita 4 linapoteza kazi yake kwenye theluji. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT; tairi lililoandikwa 3522 lilitengenezwa juma la 35 la mwaka 2022. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na tairi la miaka tisa lenye kashata nzuri ni tairi gumu lenye sura nzuri.

Ukishaamua kununua

Saizi inayofaa imeandikwa kwenye kibandiko kilicho ndani ya mlango wa dereva. Ukiona 205/55 R16 91T, basi upana ni milimita 205, urefu wa ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, rimu ni ya inchi 16, uzito ni wa kiwango cha 91 na mwendo wa juu, unaoonyeshwa na herufi T, ni kilomita 190 kwa saa. Kiwango cha uzito kisipungue kile cha kibandiko. Rimu inaweza kuwa ndogo kwa inchi moja na tairi likawa na ubavu mrefu zaidi, jambo ambalo hupunguza bei na kulisaidia gari kwenye mashimo ya mwezi wa Machi, mradi fundi ahakikishe kwamba rimu ndogo haigusi breki. Gari lenye taa ya kuonyesha upungufu wa upepo litaiwasha majira yote ya baridi kama rimu za pili hazina vihisi vyake, na wewe utaamua kama unaweza kuivumilia.

Weka miadi Septemba. Theluji ya kwanza ikianguka kila gereji mjini hujaa kwa majuma mawili au matatu, na utakuwa unaendesha na matairi mapya yamelala kwenye buti. Mimi hufunga yangu juma la mwisho la Oktoba, na huyafungua Aprili ikishapita nusu. Tarehe 15 Machi ya sheria ya Quebec ni mwisho wa faini, si mwisho wa baridi, na theluji ya Aprili si jambo la ajabu hapa. Ila usiyaache hadi Julai, kwa maana mpira laini kwenye lami ya moto huliwa haraka na hurefusha umbali wa kufunga breki. Wenye magari ya Japani yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam wanaweza kulikagua hilo wenyewe: baadhi hufika yakiwa bado yamevaa matairi ya baridi ya huko, yenye neno STUDLESS (yasiyo na misumari) ubavuni na kashata zilizojaa mikato myembamba, na mnunuzi hufurahia kashata nene ambazo joto la pwani litazimaliza upesi. Kwa sababu hiyo hiyo, anayejaza kontena la kupeleka nyumbani asiyaweke humo matairi yake ya baridi ya zamani kama zawadi kwa shemeji.

Baada ya kufunga, endesha kilomita 50 hadi 100 kisha kaza nati tena. Pima upepo gari likiwa halijatembea, na urudie kila mwezi, kwa sababu tairi hupoteza takribani psi 1 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka. Lililojazwa ndani ya gereji yenye nyuzi 20 hadi psi 33 litasoma psi 26 nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, bila kuwa na pancha. Mshale wa mwelekeo ubavuni, kama upo, lazima uelekee mbele gurudumu linapozunguka, na si kila fundi mwenye haraka huutazama. Na kabla hujayapeleka stoo matairi yaliyotolewa, chukua chaki uandike juu ya kila moja lilikokuwa, mbele kushoto, nyuma kulia, na kadhalika. Yaliyo kwenye rimu yalaze moja juu ya jingine, yasiyo na rimu yasimamishe na uyageuze kidogo mara moja moja, mbali na jua na mbali na mtungi wa petroli ya mashine ya kukata nyasi.